Mzigo wa Kiti cha Kushoto

Gari lilikuwa la milango miwili, fupi, jekundu, na lilikaa chini kiasi kwamba mtu aliyesimama kando yake aliliona paa lote bila kunyanyua kidevu. Kijana wa mfanyabiashara mmoja wa Masasi alilileta kutoka Dubai miaka ile biashara ilipofunguliwa, wakati kila aliyeweza kuleta kitu alikileta. Alikusudia kutamba nalo. Mchanga wa kwetu ukamshinda, likawekwa chini ya turubai nyuma ya duka la baba yake, na kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Wenye akili walikuwa wanatafuta pikapu za kubebea korosho. Mimi, mtengeneza redio na pampu za maji, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, nikalinunua hilo. Hakuna mwingine aliyelitaka, na mimi nilitaka kujua linavyofanya kazi.

Sababu hiyo ya pili niliificha. Nilipoulizwa nilisema tu kwamba lilikuwa rahisi. Kwetu mtu wa makamo akinunua kitu kwa ajili ya kukijua tu, huonekana bado hajakua.

Injini niliirudisha kwa kusoma. Nilikuwa na kitabu cha matengenezo nilichokipata Mtwara, cha Kiingereza, na kamusi iliyokatika jalada. Nilisoma ukurasa, nikafungua nilichoelekezwa na ukurasa huo, nikafunga, nikaenda ukurasa wa pili. Kilichobaki kibovu kwa muda mrefu ni shokapu. Watu wengi hudhani shokapu ndizo zinazobeba gari. Gari hubebwa na springi. Lakini springi ikibonyezwa hurudi, na ikirudi hupitiliza, ikashuka tena, ikapanda tena, na ingeendelea hivyo kama isingekuwa na wa kuituliza. Shokapu ni mtungi mwembamba wenye mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule mruko unaishia humo. Shokapu zikifa gari halivunjiki. Linakosa adabu tu.

Langu lilikosa adabu hadharani. Nikikanyaga breki, pua ilizama karibu na ardhi, ikanyanyuka, ikazama tena. Wauza karanga wa stendi ya Masasi waliliona mara moja, na tangu siku hiyo kila niliposimama waliitikia kwa pamoja:

"Marahaba!"

Gari likiinama mara ya pili, waliitikia mara ya pili. Mtu wa umri wangu, nawaamkia vijana waliozaliwa juzi. Nikaanza kusimama mbali, nikamalizia kwa miguu.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo, na ningeweza kuishi nayo. Kubwa ilitoka Newala.

Mama wa mke wangu alikuwa anakaa Newala, juu, upande wa ukingo ambako uwanda unaisha na barabara inaanza kuteremka kuelekea kwetu. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, mama mkwe haangaliwi usoni. Huli naye, hukai naye mkeka mmoja, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kando. Hata salamu hupita kwa binti yake. "Mwambie mama shikamoo," nasema mimi, naye anasema, "Mwambie mkwe marahaba," ingawa tunasikiana vizuri kabisa. Mgeni hudhani ni ugomvi. Ni haya, na haya ni heshima. Aibu ni kinachotokea haya ikivunjika.

Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikwisha kufunikwa, la pili lilikuwa limeanza. Madaktari wa macho walikuwa wakija kwa wiki moja kwenye hospitali iliyo upande wetu, kisha wanaondoka na hawaonekani kwa miezi. Basi la Newala siku hizo lilikuwa bovu siku nyingi kuliko lilivyokuwa zima. Kwa hiyo nikapanda na gari langu kwenda kumchukua ili akaangaliwe.

Tulimjaribu kwanza kiti cha nyuma. Magoti yake yalikataa. Ili kuingia nyuma ya gari lile ilikubidi ujikunje kama kifaranga kwenye yai. Mke wangu ndiye aliyejikunja. Mama mkwe akakaa mbele, kiti cha kushoto, amejifunika kanga hadi puani, uso ameuelekeza dirishani. Mimi nikatazama barabara kama mtu anayesoma.

Uwandani juu hakukuwa na neno. Kwenye mteremko zikaanza kona. Kwenye kona ya kulia aliegemea mlango. Kwenye kona ya kushoto aliniegemea mimi. Bega lake lote, na kanga, na harufu ya sabuni aliyojiandalia safari. Na kwa kuwa shokapu zilikuwa zimekufa, gari lilimleta kwangu, likamrudisha, likamleta tena, kabla halijatulia kwenye kona inayofuata. Nilijibana kwenye mlango wangu hadi kitasa kikaniumiza mbavu. Kwenye shimo moja alitafuta cha kushika akashika goti langu, akidhani ni sehemu ya kiti. Alipojua, alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyegusa kaa la moto.

Aliangaliwa. Akaambiwa arudi wiki nyingine ya madaktari ili apasuliwe. Kurudi Newala alipanda lori, juu ya magunia, katika umri ule. Mke wangu aliniletea ujumbe.

"Mama anasema gari lako hapandi tena."

"Na jicho?"

"Anasema heri jicho lifumbe, heshima ibaki."

"Akipasuliwa hawezi kupanda lori. Daktari amekataza asitikiswe."

"Ndiyo nakwambia wewe, baba watoto. Litengeneze hilo gari lisimtupe mama. Kama huwezi, sema, nikawapigie watu magoti wanipe pikapu."

Hivyo nikaenda kuchagua shokapu.

Neno kuchagua lilikuwa geni kwetu. Zamani ukitaka spea uliandika maombi, ukapata kibali, ukasubiri, na siku ilipofika ulichukua kilichokuwepo. Ukibahatika kilikuwa cha gari lako. Hakuna aliyekuuliza kwa nini unakitaka. Muuzaji hakuwa na haja ya kujua na wewe hukuwa na haja ya kueleza. Sasa Masasi ilikuwa na maduka yenye rafu hadi darini, vitu vimepangwa vya aina tatu tatu, na aliyekuwa nyuma ya kaunta hakuweza kukuuzia mpaka ajue unataka kufanya nini. Wengi walilifurahia hilo. Mimi pia nililifurahia, hadi siku hiyo.

Mwenye duka alikuwa mtani wangu, na utani wa kwetu hauna likizo. Mbele ya kaunta palikuwa na benchi, na benchi haikuwahi kukosa watu.

"Fundi redio! Gari lako limekuja kutuamkia?"

"Marahaba, mwanangu," mmoja wa benchini akasema, akiangalia nje.

Nikasema nataka shokapu nne. Akaweka juu ya kaunta mtumba zilizong'olewa Dubai, kisha mpya za Taiwani, laini, za mafuta matupu, kisha akashusha boksi lenye picha ya gari linaloruka.

"Hizi za gesi. Ngumu. Za mashindano. Ukipiga kona gari halilali."

Za mtumba nilizikataa mwenyewe: ukiibonyeza fimbo yake inazama kwanza bila ubishi, ndipo inakaza, maana yake mafuta yamepungua. Za Taiwani kitabu changu kingezisifu kwa barabara zetu. Lakini masikio yangu yalibaki kwenye neno lile.

"Halilali kabisa?"

"Linasimama kama askari. Ila inategemea unabeba nini. Unabeba nini?"

Ningejibu vipi? Jibu la kweli lilikuwa: namchukua mama mkwe wangu, na kwenye kona mwili wake unaugusa wangu. Maneno hayo hayasemwi, achilia mbali mbele ya benchi. Nikasema neno la kwanza lililokuja.

"Mzigo."

"Mzigo, kwenye gari hilo? Utauweka wapi, mfukoni?"

"Kiti cha mbele."

Benchini wakatazamana, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Kisha aliyeniita mwanangu akasema, "Mzigo wa kiti cha mbele huo unajipaka poda!"

"Na unasuka nywele!"

"Fundi, mzigo wa Newala huo au wa hapa hapa?"

Nikaelewa walichoelewa. Kama kabla ya hapo nilishindwa kumtaja, sasa kumtaja kungekuwa tusi. Waliokuwa wakimcheka mwanamke wa pembeni wangejikuta wamemcheka mama yangu mkwe, nami ndiye niliyemweka hapo. Nikabeba boksi la gari linaloruka nikatoka, na gari langu, nilipofika kwenye tuta la mbele ya duka, likaiinamia benchi nzima.

Nilizifunga mwenyewe uani. Kisha, kwa kuwa sikuamini picha ya boksi, nikafanya jaribio. Nilichukua gunia la makopa, mihogo mikavu, nikaongeza na kupunguza hadi likawa na uzito niliokadiria, ingawa hata kukadiria huko kulinitia soni. Nikaliweka kiti cha kushoto, nikalifunga mkanda, nikachora mstari wa chaki kati ya kiti chake na changu. Nikaelekea Lupaso na kurudi. Jirani aliyekuwa anapalilia kando ya barabara alinisimamisha.

"Pole, bwana. Mgonjwa ni nani?"

"Si mgonjwa. Ni muhogo."

Akaliangalia gunia na mkanda wake. "Basi, poleni wote," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Kwa upande wa mstari wa chaki, shokapu za mashindano zilisema kweli. Kwenye kona gunia lilinikaribia kidogo tu kisha likakaa mahali pake. Lakini kwenye makorongo madogo ya barabara, yale ambayo shokapu nzuri huyameza, hizi ziliyapitisha yote juu kama zilivyoyapokea. Meno yangu yaligongana. Gunia lilirukaruka kitini kama mtu anayekataa jambo. Nilipolifungua nyumbani, makopa ya chini yalikuwa yamevunjika vipande, na vipande vingine vilikuwa vimekaribia kuwa unga.

Nilikaa na gunia lile likiwa wazi mbele yangu. Mke wangu alikuwa ameniambia maneno ya daktari: jicho litashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, asitikiswe, asiiname, asikohoe kwa nguvu. Nikaona nilichofanya. Ngumu zililinda bega na kuhatarisha jicho. Laini zingelinda jicho na kuliacha bega. Mimi nilikuwa nimechagua bega, tena bega langu, nikaiita heshima yake. Na jambo la pili, ambalo nilikwisha kulisoma kitabuni na kulisahau pale nilipolihitaji: shokapu haimzuii mtu kuegemea. Humfanya aegemee taratibu na kurudi mara moja. Kinachomwegemeza ni kona na mwendo, na mwendo ulikuwa mguuni mwangu tangu mwanzo.

Nikarudi dukani na boksi.

"Zimekushinda?"

"Nataka zile laini."

"Mzigo umelalamika!" benchi ikadakia.

Safari hii nilisema yote kwa mfululizo, nikiangalia kaunta. "Mzigo ni mama mkwe wangu. Anapasuliwa jicho. Nilitaka ngumu ili asiniangukie kwenye kona."

Mtu wa poda alisimama, akaenda mlangoni kuangalia kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi. Mtani wangu alilichukua boksi akalifuta vumbi lisilokuwepo.

"Mtani, si ungesema."

"Ningesemaje?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Usingeweza." Akanipa za Taiwani, na hakutia utani wowote, jambo lililonifanya nione aibu zaidi.

Kutoka Masasi hadi Newala maneno hayahitaji basi. Nilipofika kumchukua, wiki ya madaktari ilipowadia, habari zilikuwa zimepanda zamani, tena nzima: shokapu za mashindano, kiti cha mbele, poda, mzigo. Nilichuchumaa mbali nikapeleka salamu yangu. Marahaba ilirudi kwa utaratibu wake. Kisha sauti yake ikaendelea, kavu, kwa binti yake:

"Mwambie dereva mzigo uko tayari. Au atautia kwenye mizani kwanza?"

Mke wangu hakuyafikisha maneno hayo. Hakukuwa na haja. Nilitamani gari lile lingekaa juu zaidi, nipate pa kujifichia.

Lakini alipanda. Ila kabla ya kupanda alitoka nyumbani na ungo. Akampa binti yake aliyekwisha kujikunja nyuma, akamwonyesha namna ya kuushika, umesimama wima kati ya kiti chake na changu. Hivyo ndivyo tulivyoteremka: mimi, ungo, na mama mkwe. Nilikwenda mwendo wa mtu aliyebeba mtungi kichwani. Kwenye kona za kushoto yeye aliugusa ungo taratibu, ungo ukanigusa mimi, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mimi sikuguswa na mkwe. Niliguswa na ungo. Mwenye baiskeli ya magunia mawili ya mkaa akatupita.

"Mwambie," mama mkwe akasema akiwa ameelekea dirishani, "mkaa umetangulia. Sisi tutawakuta wamepika."

Alipasuliwa jicho lile lililofunikwa zaidi. Mke wangu alilala naye wodini siku zote hizo, chini, kwenye mkeka, na siku ya ruhusa alitoka amechoka kuliko mgonjwa. Mama mkwe alitoka amevaa miwani myeusi aliyopewa. Akasimama mbele ya gari. Akainyanyua miwani kidogo.

"Kumbe jekundu!"

"Mama, si ulilipanda?"

"Nilipanda kitu cha rangi ya tope. Hili ni la pilipili." Akaliangalia kutoka pua hadi mkia, akashuka na macho hadi kwenye milango yake miwili. "Hivi nilipita mbele za watu nikiwa ndani ya hili? Mwambie mkwe, mtu mzima kama yeye?"

Nilikuwa nyuma ya boneti, nikijifanya napima oili.

Tukaanza kurudi. Kona zilizokuwa za kulia tuliposhuka sasa zilikuwa za kushoto, na zilikuwa nyingi. Mwanzoni ungo ulikuwa mahali pake. Katikati ya mwinuko nikasikia ukikwaruza kiti, kisha ukateleza ukaanguka miguuni. Kwenye kioo niliona kichwa cha mke wangu kimelala kwenye dirisha la nyuma, mdomo wazi. Kona ikafika. Mama mkwe akaja taratibu, kama shokapu zilivyopaswa kumleta, akanifikia. Nikasubiri arudi.

Hakurudi. Alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, miwani imepinda kidogo, jicho lililoshonwa liko juu, halikuguswa na kitu. Ningeweza kumwita mke wangu, lakini kumwita kungemwamsha mama yake, naye angejikuta alipo. Ningeweza kusimama, lakini breki ingemsukuma mbele. Nikaendesha. Niliona aibu kuanzia sikio hadi kisigino. Wapita njia walitutazama, ndani ya gari la rangi ya pilipili, mkwe na mkwe, bega kwa kichwa. Yule jirani wa barabara ya Lupaso angesema poleni wote. Na pamoja na aibu hiyo, sikio langu la fundi lilikuwa linasikiliza magurudumu. Gurudumu likiingia korongoni, springi ilibonyea, ikarudi, ikatulia. Kila mara, ilitulia. Sikubadilisha gia ila nilipolazimika, na nilipolazimika niliusogeza mkono bila kulisogeza bega.

Aliamka tulipoingia uani kwake. Nikasimamisha gari, na gari halikumwinamia mtu. Alijiweka sawa, akaivuta kanga hadi puani, akafungua mlango, akatoka bila kutazama upande wangu. Mke wangu naye akaamka na kujikunjua, akauona ungo uko miguuni pake, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia mama yake.

Mama mkwe alikuwa amefika kwenye kizingiti. Akasimama, ametupa mgongo.

"Mwambie mkwe," akasema, "ungo wake una mfupa."

Mke wangu alijiziba mdomo kwa kanga. Mimi niliushika usukani kama vile tulikuwa bado tunakwenda.

"Mwambie," nikasema, "ungo unaomba radhi."

Mke wangu akaenda hadi kizingitini, wakanong'ona, akarudi machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Anasema ungo hauna kosa. Rangi ya gari ndiyo aibu."